Sweta Aliyoipitisha Hakimu

Kwanza niseme wazi ili tusipotezeane muda: mimi ndiye mfumaji bora katika karakana yetu. Sijisifu. Ni habari tu, kama kusema leo ni Jumanne. Tuko wafumaji saba, na mashine saba zimepangwa chini ya madirisha. Mwaka mzima tunafuma sweta za shule: za bluu, za kijani, za maruni, na zile za kijivu zinazoonyesha kila doa. Wenzangu wananiita Bingwa. Walipoanza kuniita hivyo walikuwa wananikejeli, nami nikawa naitika kila mara, mpaka kejeli ikawachosha na jina likabaki.

Mkaguzi wetu tunamwita Hakimu. Meza yake iko karibu na mlango, penye mwanga mzuri kuliko sehemu zote. Kila sweta ikishaunganishwa mabega na mikono, hupita kwake kabla ya kutiwa mfukoni. Huigeuza nje ndani, hupitisha kidole gumba juu ya mishono, huivuta shingo mara mbili, kisha huilaza mezani na kuipima kwa utepe huku akitazama karatasi ya vipimo iliyobandikwa ukutani. Ikiwa safi, anasema sawa na kuiweka kulia. Ikiwa na kasoro, anaitia alama ya chaki na kusema rudia. Hapandishi sauti, habembelezi, wala hakuna aliyewahi kumhonga hata kwa andazi.

Huyo ndiye rafiki yangu. Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi, na nadhani ndiyo maana umedumu. Wiki yangu ya kwanza pale alinirudishia sweta kumi na moja kwa siku moja. Nikaiendea meza yake huku nimeshakunja mikono ya blauzi, nikiwa tayari kwa lolote. Akanisogezea kigoda, akaniambia nikae, akanionyesha moja baada ya nyingine. Hapa umeruka kitanzi. Hapa bega moja limepita mwenzake. Tulipofika ya saba hasira ilikuwa imeniisha, na tulipofika ya kumi na moja nilikuwa namuuliza anakunywa chai na vijiko vingapi vya sukari. Imepita miaka kumi na minne tangu siku hiyo.

Sasa, jambo moja lilikuwa likinikereketa. Wenzangu wakipeleka kazi iliyo safi, Hakimu husema sawa, basi, yamekwisha. Mimi nikipeleka, husema sawa, halafu anaongeza neno. Sawa, ila mkono wa kushoto umekaza kidogo. Sawa, ila siku hizi una haraka. Miaka kumi na minne hajawahi kushika kazi yangu akaiacha bila neno. Nilishamuuliza mara moja kwa nini ananionea, akajibu kwamba wengine anawapima kwa karatasi na mimi ananipima kwa mimi mwenyewe. Jibu zuri, nakubali, lakini halikunipoza. Nilitaka siku moja tu Hakimu aigeuze kazi ya mikono yangu, nje na ndani, akose pa kugusa. Cheka ukipenda. Wapo wanaotaka gari.

Halafu Hakimu akapata mimba. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na ile ya pili mimi ndiye niliyekaa naye kwenye benchi la hospitali nikiwa nimemshika mkono, huku tukitazama ukuta. Kwa hiyo safari hii, tumbo lilipoanza kuonekana na watu wakaanza kunong'onezana habari za zawadi, alisimama katikati ya karakana wakati wa chai akasema maneno machache. Alituomba mtu yeyote asimnunulie kitu, hata soksi. Mtoto akilia, ndipo tulete. Kisha akarudi mezani kwake na kumrudishia jirani yangu sweta mbili.

Nilimtii. Sikununua nguo ya mtoto. Nilinunua uzi, na uzi si nguo. Ulikuwa uzi laini, wa njano kama kiini cha yai la kienyeji. Mabaki ya bluu na kijivu yaliyojaa kwenye mapipa ya karakana sikutaka hata kuyagusa. Mtoto ambaye amengojewa hivyo hawezi kuja duniani akavikwa mabaki.

Mashine nayo niliikataa. Mashine ni ya kazi, na kazi ina bosi. Hii nilitaka ipite kwenye vidole vyangu kitanzi kwa kitanzi. Shangazi yangu alinifundisha kufuma kwa mkono nikiwa na miaka tisa, kwa spoku mbili za baiskeli alizozinoa mwenyewe kwenye jiwe. Alikuwa na kawaida ya kunigonga vidole kwa spoku ya tatu nikilegeza uzi. Ndiyo maana mpaka leo kingo zangu hazilegei. Waulize watu. Sweta yangu inapasuka kiwiko, inapauka, inamwacha mwenyewe akimaliza shule, lakini ukingo wa shingo unabaki vilevile.

Kuhusu vipimo sikuhangaika. Karatasi ya ukutani naijua kama majina ya wanangu. Kila ukishuka namba moja, kifua kinapungua kiasi fulani, urefu unapungua kiasi fulani, mkono unapungua, shingo inapungua. Namba ndogo kabisa tunayofuma ni ya watoto wa chekechea. Mimi nikaanzia hapo nikaendelea kushuka: namba moja chini, ya pili, ya tatu, mpaka kikafika kifua cha kichanga. Kila kitu kilishuka kwa usawa wake. Shingo za sweta za shule ni za V, nami nikaona hiyo itamwacha mtoto kifua wazi apigwe na baridi, kwa hiyo nikaifunga duara na kuikaza ipasavyo.

Niliifumua mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu mikono ilipishana kwa safu moja. Mara ya pili kwa sababu nilifuma siku niliyogombana na binti yangu, na ugomvi ulionekana kwenye uzi. Mara ya tatu kulikuwa na kitanzi kimoja kilichojipinda mgongoni, chini kabisa, ambacho hata mwenye miwani asingekiona. Hakimu angekiona. Mume wangu, ambaye ni fundi bomba na kwa hiyo anajiona anajua kila kitu chenye tundu, aliichukua sweta ilipokamilika akaivisha ngumi yake. Ngumi ikapita kwa kujikamua. Akauliza kama kichwa kitapita. Nikamwambia ashughulike na mabomba yake.

Hakimu alipokwenda likizo ya uzazi, niliipeleka karakana wenzangu waione. Fundi wa mashine, mtu ambaye hushika kila kitu kwa mikono yenye grisi, alikwenda kunawa kwanza bila kuambiwa. Bosi aliigeuza, akaniuliza kama ningeweza kufuma thelathini za namna ile kwa mteja. Nikamwambia siwezi, maana sina marafiki thelathini. Wenzangu waliipitisha mkono kwa mkono, na mimi nilikuwa nimesimama pale nimevimba kama hamira imenikolea. Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Nikawatangazia kwamba Hakimu akiona kosa lolote kwenye sweta hii, wawe huru kuniita jina lolote watakalo, nami nitaitika. Walianza kuchagua majina palepale.

Mtoto alizaliwa wiki iliyofuata, wa kike, akalia vizuri sana. Nilisikia kilio chake kwa simu na nikalia na mimi, sioni aibu kusema.

Nikaenda kumwona Jumapili, siku ya sita, baada ya saa nane mchana. Wanakaa ghorofa ya pili, kwenye nyumba yenye ngazi nyembamba ambayo watu wawili wakikutana lazima mmoja arudi. Nilipanda nimeshika mfuko kifuani kama nimebeba mayai. Mlango ulifunguliwa na mama mkwe wake, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyelea watoto wake sita na wajukuu sikumbuki wangapi. Nikamsalimia kwa heshima zote, akanipokea kwa furaha na kuniambia nivue viatu, maana amepiga deki sasa hivi.

Hakimu alikuwa kwenye kiti cha dirishani, miguu juu ya stuli, kanga mabegani, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Mtoto alikuwa amelala kitandani katikati ya mito miwili. Nilimtazama mtoto kwanza. Alikuwa na mikunjo kwenye paji la uso, amekunja sura kama mtu anayesoma barua ya kodi. Nikasema ni mzuri, na nilimaanisha. Halafu nikatoa sweta, nikamkabidhi Hakimu, nikarudi nyuma hatua mbili kama ninavyofanya karakana.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza nje ndani. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, polepole, akashuka mpaka kwapani, akapanda tena. Alikawia sana. Nilisikia maji yakitiririka jikoni, nikasikia mtoto wa jirani akiburuta kiti. Kichwa chake kilikuwa kimeinama na sikuuona uso wake. Nikaanza kujiuliza ni nini alichokiona, na kama ni ule mkono wa kulia, maana nilikuwa na wasiwasi nao kidogo.

"Haina kosa," akasema.

Nikamwomba arudie.

"Haina kosa, Bingwa. Hata moja."

Nilikaa chini. Niliona fahari ambayo sikuiona hata siku ya harusi yangu, maana harusini mengi yalifanywa na watu wengine. Mama mkwe alipotoka jikoni nilimsimulia habari yote, tangu uzi mpaka spoku za shangazi, na kila nilipofika mwisho nikakumbuka jambo jingine la kujisifia. Nilimweleza kwamba mwanamke huyu aliyeolewa na mwanawe hajapitisha kazi yangu bila neno kwa miaka kumi na minne, na leo ameipitisha. Yule mama akasema basi tumvishe mtoto tuone.

Akamnyanyua mtoto kwa ule ustadi wa watu waliozoea, mkono mmoja shingoni, mwingine unafanya kazi. Akaikunja sweta, akaipanua shingo kwa vidole, akaiweka utosini, akavuta. Ikashuka mpaka kwenye paji la uso, ikagoma. Akaizungusha, akajaribu kuanzia kisogoni. Ikafika masikioni, ikagoma. Mtoto akaamka. Kwanza alishangaa, kisha akawa mwekundu, kisha akapiga kelele ambazo nadhani zilifika ghorofa ya chini. Mama mkwe akaivuta sweta juu, nayo ikakataa kutoka kama ilivyokataa kuingia, na kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana tulimtazama mtoto wa Hakimu akilia akiwa amevaa sweta yangu kichwani kama kofia.

Ilipotoka, yule mama alimtuliza mtoto begani, akaishika sweta kwa ncha za vidole na kunigeukia. Hakukasirika. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua.

"Mwanangu, hii shingo ulimpima nani?"

Nikajibu kwamba nilifuata vipimo. Akauliza vipimo vya nani. Nikasema vya karakana, kwenye karatasi, nikashuka namba kwa namba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mtoto hashuki namba kwa namba. Mtoto mchanga ni kichwa, akasema, na vitu vingine vidogo vidogo vimening'inia. Akauliza tumefanya kazi hii miaka mingapi, sisi wawili, na kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kumwona mtoto. Mimi nimezaa wawili. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ghorofa ya pili ardhi iko mbali.

Na kwa kuwa ndivyo nilivyoumbwa, aibu haikukaa muda. Iligeuka hasira, na hasira ikatafuta mtu. Nikamgeukia Hakimu. Nikakumbuka alichokifanya dakika chache zilizopita, hatua kwa hatua, na nikakumbuka asichokifanya.

"Hukuivuta shingo," nikamwambia. "Kila sweta unaivuta shingo mara mbili. Yangu leo hukuivuta. Miaka yote hii unanirudishia kazi, halafu leo ndiyo unaamua kunivika kilemba cha ukoka?"

Mama mkwe akakuta ana jambo la kufanya jikoni, akaondoka na mtoto. Hakimu alijifuta uso kwa ncha ya kanga, na hapo ndipo nilipogundua kwamba uvimbe ule haukuwa wa kukosa usingizi peke yake.

"Sikuikagua," akasema. "Niliigeuza tu ili mikono ipate la kufanya. Sikuwa naona kitu, macho yalikuwa yamejaa."

Nikasogea karibu na kiti chake.

"Kila kitu alichonacho huyu mtoto kililetwa baada ya kulia, kama nilivyoomba," akaendelea. "Wewe hii hukuifuma wiki hii, najua kazi inachukua muda gani. Ulikuwa unamhesabia vitanzi siku ambazo mimi niliogopa hata kuhesabu wiki. Sasa hapo ningeangalia shingo?"

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Ile sifa niliyoingoja miaka kumi na minne haikuwa sifa. Kazi yangu haikupita kwenye ukaguzi, kwa sababu ukaguzi haukuwapo, na sweta yenyewe ilikuwa imeshindwa kazi ya kwanza ya sweta. Hilo liliniuma, tena liliniuma vibaya. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu kingine kinapanda. Mwanamke huyu huona kitanzi kilicholegea kwenye sweta ya kijivu siku ya mawingu. Na kazi yangu, yenye kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, ilikuwa imemziba macho asione. Niambie nani mwingine pale karakana amewahi kufanya hivyo.

Nikamwomba utepe. Anao daima, hata kwenye likizo ya uzazi ulikuwa kwenye kikapu kando ya kiti. Nikaenda jikoni nikamwomba mama mkwe anishikie mtoto vizuri. Nikauzungusha utepe taratibu juu ya nyusi na nyuma kisogoni. Inchi kumi na nne na robo. Utosi ulikuwa unapiga chini ya kidole changu, tif, tif, tif. Nikaganda pale na utepe mkononi. Nimefuma sweta ambazo ukizipanga barabarani zitakufikisha mji mwingine, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumpima mtoto. Zote zile zilikuwa namba. Nilimpima tena, ingawa nilikuwa nimeshapata jibu.

Sindano za kufumia nilikuwa nazo kwenye mkoba, na donge la uzi lililobaki, maana fundi hatembei mikono mitupu. Nikakaa kwenye mkeka karibu na kiti cha Hakimu. Ukingo wa shingo, ule wa kukaza ambao shangazi yangu aliulipia kwa vidole vyangu, nikaukata na kuufumua. Ulitoka kwa shida, kwa jinsi nilivyoufunga vizuri. Halafu nikafungua mshono wa bega la kushoto. Hapo nikaokota vitanzi na kufuma mkunjo mdogo wa kulalia juu ya mwenzake, wenye matundu mawili ya vifungo, na shingo nikaifuma upya kwa mkono mlegevu, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kufuma gizani. Kila safu mbili niliusikia mwili wangu wote ukitaka kuvuta uzi, nikauzuia.

Vifungo sikuwa navyo. Mama mkwe alinitazama nikipekua mkoba, akachukua mkasi, akakata vifungo viwili vya chini kwenye blauzi aliyoivaa. Akasema sehemu hiyo anachomekea kwenye sketi, hakuna anayeona. Vilikuwa vyeupe, vidogo, na vilikaa kama vilinunuliwa kwa ajili hiyo.

Nilimaliza jua likiwa bado dirishani. Tulimvisha mtoto akiwa amelala. Bega likafunguka, kichwa kikapita, masikio yakapita, vifungo vikafungwa, na hakukunja hata uso. Mama mkwe akanipiga bega akasema sasa hii ni nguo. Hakimu alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi. Karakana asingethubutu kulala hivyo mbele yetu. Sikumwamsha akague. Nilimfunika miguu, nikachukua viatu vyangu mlangoni, nikateremka.

Jumatatu niliwasimulia wenzangu kila kitu. Hakuna aliyenilazimisha, na watu walioona walikuwa wawili tu, hakuna ambaye angesema. Lakini dau ni dau, na kosa langu nikilisimulia mwenyewe linasimuliwa vizuri zaidi. Niliwaonyesha hata jinsi mtoto alivyokunja sura sweta ilipokwama. Fundi wa mashine alicheka mpaka akakaa sakafuni. Waliniita Mama Shingo kwa wiki mbili, nikaitika kila walipoita, mpaka wakachoka.

Mwezi na nusu baadaye Hakimu akaniomba nimsindikize kliniki, maana mama mkwe alikuwa amerudi kwake. Tukakaa kwenye foleni ndefu, akina mama na watoto wao benchi baada ya benchi. Mtoto alikuwa amevaa sweta ya njano. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi, nikaona rangi imeshika, nikafurahi kimyakimya, jambo ambalo si kawaida yangu.

Zamu yetu ilipofika, muuguzi akamlaza mtoto mezani kumvua nguo apimwe uzito. Watoto watatu waliotutangulia walivuliwa kwa vilio. Muuguzi akafungua vile vifungo viwili, akaivua sweta kwa mkono mmoja, na mtoto wa Hakimu akaendelea kutazama taa. Muuguzi akaishika ile sweta, akaigeuza, akauliza imenunuliwa duka gani.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hotuba tayari. Lakini Hakimu alikuwa ameshaanza kusema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya kusikiwa na foleni nzima.

"Haikununuliwa. Imefumwa na rafiki yangu huyu hapa, kwa mkono," akasema. "Mbele ina vitanzi hamsini na sita, nyuma hamsini na sita, na mikono yote miwili inalingana mpaka safu ya mwisho. Ukitazama hapa begani, alifumua na kufuma upya, tafuta kiungo kama utakiona. Mimi kazi yangu ni kutafuta, na sijakiona."

Akina mama waliokuwa benchi la mbele wakanyoosha shingo. Mmoja akaomba aishike, na Hakimu akampa, akamwambia aangalie na ndani pia, maana kazi nzuri hujulikana ndani. Nami nilikuwa nimesimama pembeni, nahisi joto usoni. Nikamuuliza kwa sauti ya chini alihesabu lini vitanzi vyote hivyo.

"Kila nikimnyonyesha," akasema. "Nimeikagua yote, safu kwa safu. Ina kosa moja, kitanzi kimoja mgongoni. Nimekiona, na kitabaki palepale."

Nikamwambia anionyeshe. Akakataa. Nikamwambia ni suala la dakika mbili, sindano ninazo mkobani. Akasema ndiyo maana hanionyeshi, na sweta hiyo imeshapita, kwa hiyo nikae mbali na mgongo wa mwanawe. Kisha akamvisha mtoto, akafunga vifungo, akanikabidhi nimbebe.

Nilimbeba njia nzima kurudi kwao, kifua chake begani kwangu, mgongo wake chini ya macho yangu. Nilikitafuta kile kitanzi kutoka chini mpaka juu na kutoka juu mpaka chini, sikukiona, na kila mtu aliyesimama kumtazama mtoto nilimwambia kwamba sweta ile nimeifuma mimi.